Mtaka cha Mvunguni: Habari za Joto la Ardhi

Mwanadamu hawezi kuishi bila joto. Chakula chake hakiivi bila joto, chuma chake hakifuliki bila joto, wala mgonjwa wake haogeshwi kwa maji ya baridi. Tangu zamani watu wa Afrika ya Mashariki wamelipata joto hilo kwa njia moja kubwa, nayo ni kuchoma mti. Wahunzi wa Ukambani waliyeyusha chuma kwa makaa. Mama zetu wamepika isyo na muthokoi kwa kuni. Hata garimoshi lilipoanza kupanda kutoka Mombasa kuja bara, injini zake zilikula kuni kwa miaka mingi.

Msomaji, katika insha hii nataka tufikiri habari za joto la namna nyingine, lisilotoka katika mti wala katika mafuta, bali chini ya nyayo zetu. Tutaona jinsi lilivyotafutwa, na nani aliyelipa gharama ya kulitafuta. Tutaona pia kwamba serikali mbalimbali zimejaribu kuwasaidia watu wao walipate. Baadhi zimefaulu, na baadhi zimejikwaa vibaya. Wazee walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali letu ni hili: kitu kikiwa mvunguni mwa nchi nzima, nani apaswaye kuinama kwanza?

Joto la ardhi ni la namna mbili, na yafaa tuzitenganishe mapema. La kwanza ni joto la karibu. Ukichimba shimo la mita 10 hivi utakuta udongo ambao joto lake halibadiliki, usiku wala mchana, kiangazi wala masika. Joto hilo hukaribiana na wastani wa joto la hewa ya mahali pale kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu asubuhi za mwezi wa Julai, wakati wanafunzi wa Machakos wanapojikunyata ndani ya sweta, maji yaliyotekwa sasa hivi katika kisima kirefu huonekana kuwa na uvuguvugu. Maji hayakupata moto. Hewa ndiyo iliyopoa.

Katika nchi za baridi kali watu hulaza mabomba ardhini na kupitisha maji ndani yake, na maji hayo hurudi na joto kidogo. Joto hilo ni dogo mno kupasha nyumba, kwa hiyo hukusanywa na chombo kiitwacho pampu ya joto. Chombo hiki si kigeni kwako. Ukigusa nyuma ya friji la dukani utaona pana moto, kwa sababu friji huliondoa joto katika soda zilizomo ndani na kulitupa nje. Pampu ya joto hufanya kazi ile ile: huliondoa joto ardhini na kulimwaga nyumbani. Inatumia umeme, lakini kwa kipimo 1 cha umeme yaweza kuleta vipimo 3 au 4 vya joto, maana haiumbi joto bali hulihamisha tu. William Thomson, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza wazo hili mwaka 1852. Mwaka 1912 Heinrich Zoelly wa Uswisi aliandikisha hati ya uvumbuzi wa kutumia pampu ya namna hiyo kuteka joto la udongo.

Namna ya pili ni joto la kina, nalo ni kali kupita kiasi. Ukitoka Machakos kwenda mashariki utaona uwanda mrefu wa Yatta, uliosawazika juu kama meza. Uwanda huo ni mwamba uliotiririka ukiwa umeyeyuka kama uji, yapata miaka milioni 13 iliyopita, ukaenda karibu kilometa 300 kabla ya kuganda. Kwetu sisi moto ule umekwisha kulala. Lakini magharibi, katika Bonde la Ufa, moto ungali macho. Huko ukoko wa dunia umepasuka na kuwa mwembamba, maji ya mvua huzama katika nyufa, hukutana na mwamba wa moto, na hurudi juu yakiwa mvuke. Huko Menengai, karibu na mji wa Nakuru, baadhi ya visima vilivyochimbwa viligusa mwamba ulioyeyuka katika kina cha kilometa 2 na kidogo tu. Umbali huo ukiutandaza barabarani, mwanafunzi huutembea kwa nusu saa akienda shuleni.

Watu wa kwanza kutumia mvuke wa ardhi kwa kazi ya umeme walikuwa Waitalia. Mwaka 1904 Piero Ginori Conti aliwasha taa 5 kwa nguvu ya mvuke wa Larderello, na mwaka 1913 mtambo wa kwanza wa biashara ulianza kazi mahali hapo. Katika Afrika, mtambo mdogo uliwekwa Kiabukwa, katika Katanga ya Kongo, mwaka 1952, ukitumia maji moto ya chemchemi. Hapa Kenya watu walikuwa wamekwisha kuutumia mvuke bila ya umeme wowote. Kule Eburru, juu ya ziwa Naivasha, mvuke utokao katika nyufa ulitumiwa kukausha maua ya pareto tangu siku za walowezi, na watu wa hapo waliupooza mvuke huo katika mabomba ili wapate maji ya kunywa katika nchi isiyo na mto. Angalia, msomaji, kwamba mkulima wa Eburru hakuwa na haja ya mtaalamu kumwambia kuwa joto ni mali. Alilikuta limejitokeza lenyewe, akaliwekea bomba. Taabu huanza pale joto lisipojitokeza.

Mwaka 1956 visima viwili vilianza kuchimbwa Olkaria, kusini ya ziwa Naivasha. Jina hilo ni la Kimaasai, nalo lahusu udongo mwekundu wa kujipaka. Visima vile havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikaachwa. Miaka ikapita. Hapana aliyekuwa tayari kutia fedha nyingine katika shimo. Ndipo kuanzia mwaka 1970 serikali ya Kenya huru, ikisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilipoanza kupima upya nchi ile, na uchimbaji ukarejea mwaka 1973. Hata safari hii kisima cha kwanza hakikufaa. Lakini mara hii hawakuacha. Walichimba kingine na kingine, hata mvuke ukapatikana. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kutoa umeme, wa pili ukafuata mwaka 1982, na wa tatu mwaka 1985. Leo umeme wa mvuke wa Kenya wapita megawati 900, wala hapana nchi nyingine ya Afrika inayoikaribia.

Basi tujiulize: kati ya kisima cha mwaka 1956 na mtambo wa mwaka 1981 ni miaka 25. Mvuke ulikuwako wakati wote huo. Ni nini kilichouzuia? Jibu ni kwamba joto la ardhi ni la bure, lakini mlango wake ni ghali. Mwenye kununua mafuta hulipa kidogo kidogo kila siku, na huona anachokinunua. Mwenye kutafuta mvuke hulipa karibu gharama yote siku ya kwanza, kabla ya kuona kitu. Kisima kimoja cha kilometa 2 au 3 hugharimu mamilioni ya dola, nacho chaweza kuwa kikavu. Mtu mmoja akipata hasara ya namna hiyo hufilisika. Kampuni moja ikiipata hurudi nyuma. Lakini taifa lenye visima 10, likikosa viwili na kupata vinane, limefaulu. Hatari impondayo mmoja huwa nyepesi ikigawanywa kwa wengi. Hiyo ndiyo kazi hasa ya serikali katika jambo hili.

Hakuna waliolielewa neno hili mapema kuliko watu wa Iceland, kisiwa cha baridi na moto kilichoko kaskazini ya Ulaya. Katika mji wao wa Reykjavik palikuwa na chemchemi ambamo wanawake walifua nguo. Mwaka 1930 maji ya mahali hapo yalipitishwa katika bomba la kilometa 3 hivi, na miongoni mwa nyumba za kwanza kupashwa moto ilikuwamo shule. Hata hivyo, mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula duniani, nyumba nyingi za kisiwa kile zilikuwa zingali zikitegemea mafuta. Serikali haikutoa hotuba tu. Iliutumia mfuko wa nishati kuikopesha miji fedha za kuchimba visima, kwa masharti ya busara: kisima kikitoa maji moto, mkopo utalipwa, kisima kikiwa kikavu, mkopo utageuka kuwa msaada. Kwa neno moja hilo, woga ulikwisha. Leo nyumba 9 katika 10 za Iceland hupashwa na joto la ardhi.

Kenya nayo ilijenga sheria zake hatua kwa hatua. Sheria ya Rasilimali za Jotoardhi ya mwaka 1982 iliweka joto la chini katika mikono ya serikali, ili asitokee mwenye shamba akajidai kuwa mwenye moto. Mwaka 2008 iliundwa Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, mali ya serikali, kusudi ichimbe visima kwanza na kuuza mvuke baadaye kwa wenye mitambo. Yaani serikali iiname, na wafanyabiashara waokote. Mwaka 2010 kanuni za bei maalumu, zilizokuwa zimewekwa mwaka 2008 kwa ajili ya upepo, maji na mabaki ya mimea, zilipanuliwa ziingize jotoardhi, ili mzalishaji wa umeme ajue mapema atauza kwa bei gani. Hali kadhalika mwaka 2012 Umoja wa Afrika, ukisaidiwa na nchi za Ulaya, ulianzisha mfuko wa kubeba sehemu ya gharama za upimaji na uchimbaji katika Afrika ya Mashariki. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaongeza neno la haki: katika mrabaha wa jotoardhi, asilimia 75 ni ya serikali kuu, asilimia 20 ya kaunti, na asilimia 5 ya wenyeji wa mahali.

Lakini tazama vizuri. Karibu fedha zote hizi zilitafuta umeme. Joto lenyewe, kama joto, lilipewa nafasi ya mtoto wa kambo. Mvuke ukipita katika mtambo, sehemu ndogo tu ya joto lake hugeuka umeme. Iliyobaki hurudi ardhini pamoja na maji au hupotea hewani. Wachache wamelitumia joto hilo lilivyo. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian, kando ya ziwa Naivasha, lilianza kutumia kisima kimoja cha Olkaria kupasha moto mabanda ya waridi wakati wa usiku, hata yakafika hekta 50. Joto lilikausha unyevu wa alfajiri uletao ukungu wa majani, na dawa za kunyunyiza zikapungua. Mwaka 2015 kampuni ya serikali ilionyesha huko Menengai namna ya kutumia maji moto ya kisima kupasha mabanda ya mboga na mabwawa ya samaki, kuchemsha maziwa yasiharibike, na kufua nguo. Kufua nguo! Twaona kwamba Menengai ya mwaka 2015 ilikutana na wanawake wa Reykjavik wa zamani.

Pengine utauliza: kwa nini serikali isimlipe tu kila mtu atumiaye joto safi, apate kwa kadiri atumiavyo? Jambo hilo limejaribiwa, na yafaa tujifunze kwa waliotangulia. Mwaka 2011 Uingereza ilianza kulipa ruzuku kwa kila kipimo cha joto lisilotokana na mafuta wala makaa ya mawe, liwe la pampu ya ardhini, la jua, au la kuni. Mwaka 2012 Ireland ya Kaskazini ilifuata kwa mpango wake yenyewe. Katika Uingereza palikuwa na kizuizi: mtu akishatumia joto kiasi fulani, malipo yalishuka. Ireland ya Kaskazini iliacha kizuizi hicho. Tena malipo yakawa makubwa kuliko bei ya kuni zenyewe, zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa. Aliyechoma kuni za pauni 1 alirudishiwa kama pauni 1 na peni 60. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuifanya. Kadiri ulivyochoma ndivyo ulivyopata, na pakazuka malalamiko ya mabanda matupu yaliyopashwa moto. Mpango ulifungwa mwaka 2016, na mwezi wa Januari 2017 ugomvi uliotokana nao uliiangusha serikali ya huko. Bunge lake halikufanya kazi yake ya kawaida kwa miaka mitatu. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2020. Haikusema kwamba ufisadi wa wakubwa ndio ulioleta msiba ule. Ilionyesha makosa mengi ya watu waliokosa kuangalia hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Uingereza nayo iliufunga mpango wake kwa waombaji wapya kati ya mwaka 2021 na 2022, na badala yake, katika England na Wales, serikali ikaanza kumsaidia mwenye nyumba kwa gharama ya kufunga pampu ya joto, siku ya kwanza.

Linganisha sasa Iceland na Ireland ya Kaskazini, msomaji, maana hapo ndipo kiini cha jambo. Zote mbili zilitoa fedha ya umma kwa ajili ya joto. Moja ililipia shimo, nyingine ililipia moshi. Moja ilibeba hatari iliyomshinda mtu mmoja, kisha ikamwacha aendelee mwenyewe kwa faida yake. Nyingine haikubeba hatari yoyote, bali ilifanya matumizi yenyewe kuwa biashara.

Sisi wa Machakos hatuna haja ya kwenda Ulaya kulijifunza neno hili, kwa kuwa limeandikwa katika vilima vyetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoona udongo wa Ukambani unachukuliwa na maji, iliamua kupunguza ng'ombe wa watu kwa nguvu. Mifugo ilikamatwa na kuuzwa. Maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililazimika kuacha kulazimisha mauzo yale. Baadaye watu wale wale walichimba matuta ya fanya juu katika miteremko ile ile, wakikusanyika katika vikundi vyao vya mwethya, mpaka vilima vikavaa ngazi. Ni nini kilichobadilika? Taabu ya jembe iligawanywa kwa wengi, na mazao yakabaki kwa mwenye shamba. Mtu huinama kwa hiari pale aonapo kwamba atakachokiokota ni chake.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuisifu Olkaria bila kutaja wale walioinama bila kuulizwa vya kutosha. Mwaka 2014 jamaa za Wamaasai zilihamishwa zipishe mitambo mipya. Walijengewa nyumba mahali pengine, lakini walilalamika juu ya ardhi waliyopewa na ahadi zisizotimizwa, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hata pakafanywa upatanisho. Sheria ya mwaka 2019 iliwatengea wenyeji asilimia 5. Ikiwa hatari yapaswa kugawanywa kwa wote, faida nayo yapaswa kugawanywa, na mwenye kuhama asiachiwe kubeba peke yake gharama ya taa za wengine.

Sasa tumalizie jikoni. Umeme wa Olkaria umefika Machakos. Kwa taa zake wasoma usiku. Lakini joto halisafiri kama umeme. Mvuke ukipelekwa mbali katika bomba hupoa, kwa hiyo joto la Naivasha ni la Naivasha, na sisi tulio mbali hatuna budi kutafuta letu. Nenda ukatazame jiko la shule ya bweni. Katika shule nyingi za Kenya utakuta sufuria kubwa, mpishi mwenye macho mekundu, na rundo la kuni lililokuja kwa lori. Kuna majiko yanayokula kuni kidogo, kuna gesi ya samadi, kuna jua la kupasha maji, na kuna pampu za joto. Havikosekani vyombo. Kinachokosekana ni yule wa kulipa siku ya kwanza, kwa maana kuni hununuliwa kidogo kidogo, na chombo kipya hutaka fedha zote pamoja. Ni kisima cha Olkaria tena, kwa kipimo cha sufuria.

Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, baadhi walimu wakuu, baadhi wajumbe wa mabaraza na wabunge. Siku itakayoletwa mbele yenu sheria ya kuwasaidia watu kupata joto, msiulize tu ni fedha kiasi gani. Ulizeni inalipia nini, shimo au moshi. Ulizeni nani atabeba hasara kisima kikiwa kikavu, na nani atagawiwa kikitoa. Ulizeni daftari liko wapi. Na ikiwa majibu ni mema, msiogope kuinama kwanza.